Mkate Uliobonyea Katikati

Jina lake nilikuwa nalijua, na bado nalijua, lakini sitaliandika. Miaka ile watu waliovuka ziwa kutoka Kongo walitakiwa kukaa kambini, naye alikaa mjini Kigoma, mtaa wa Rusimbi, katika chumba cha uani kwa jamaa wa mama yake, bila kibali. Kwa hiyo mtaa uliacha kumtaja jina. Tulimwita mwokaji. Hapakuwa na mtu aliyepitisha uamuzi huo. Ulipita wenyewe kutoka mdomo hadi mdomo, na hatari ilipoisha jina halikurudi. Wapo watoto waliokua wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mimi ni fundi redio. Shule niliishia darasa la saba huko Kalinzi. Mengine nimejifunza kwenye vitabu vidogo vinavyokuja na vyombo, nikiwa na kamusi pembeni na saa mkononi. Naeleza hili mapema kwa sababu lina uzito katika habari hii. Mtu aliyejisomesha kwa njia hiyo huamini kitabu kuliko inavyostahili.

Mwokaji alikuja kwangu kwa ajili ya redio. Kulikuwa na kipindi cha kusoma majina ya watu waliopotezana vitani, na redio yake ilikuwa ikikoroma katikati ya majina. Siku hiyo nilikuwa na kazi nyingine mezani. Mgeni mmoja wa shirika la misaada alikuwa ameniletea mashine ya kuoka mkate nyumbani, ile unayotia unga, maji na hamira, ukafunga kifuniko, ikakanda, ikaumua na kuoka yenyewe. Ilikuwa imeungua kwa sababu aliichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, ilhali ilitengenezewa umeme wenye nguvu nusu yake. Nilipomaliza kuitengeneza na kuitafutia transfoma, mwenyewe alikuwa ameshahamishwa. Alituma neno kwamba nikae nayo.

Nilikuwa kwenye mkate wa nne. Mitatu ya kwanza ilikuwa mawe. Mwokaji alisimama mlangoni, redio kwapani, pua juu.

“Nani anatesa ngano humu?”

“Si huyo fundi wako,” mke wangu alijibu kutoka ndani. “Wa jana tulimpa mbuzi, akageuza uso.”

Mwokaji alikuja hadi mezani akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Nikamzuia. “Usifungue, mzee. Kitabu kinasema joto litatoka.”

“Kitabu ilikula mukate siku gani?”

Akafungua. Akabonyeza donge kwa kidole gumba, akalinusa, akafunga taratibu kama mtu anayefunika uso wa mgonjwa. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kwa mzee wa umri wake: mashine hii, ukiiambia ifanye hivi leo, kesho itafanya hivyohivyo? Nikamjibu kwamba itafanya hivyohivyo, dakika kwa dakika. Akaweka redio chini, akakaa. Redio ile aliikumbuka baada ya wiki mbili.

Alikuwa mrefu, mkavu, na nyusi zake hazikuota tena. Moto wa tanuri ulikuwa umezila miaka mingi nyuma. Kila alipopita karibu na jiko lolote, hata la mama anayekaanga mihogo barabarani, alikuwa akitanguliza mgongo wa mkono, akisimamisha vidole hewani kidogo, kisha anasema: “Bado,” au “Imepita.” Hakuwa akiulizwa. Wauza mihogo walimchukia kwa sababu alikuwa sahihi.

Salamu zetu zilimsumbua. Watoto wakimwamkia shikamoo aligeuka kutazama anayesalimiwa nyuma yake. “Kwetu mutoto anasema jambo kwa baba yake, na baba haanguki,” alisema. Mke wangu naye alimwamkia kwa Kiha, mwakeye, kwa uchokozi tu, naye akamjibu kwa lugha nyingine ya kwao ambayo hakuna aliyeijua. Waliendelea hivyo kwa miaka bila mmoja wao kumfundisha mwenzake, na wote wawili waliona wameamkiana vizuri.

Alikuwa bahili wa maneno na mkarimu wa mkate. Mwenyewe hakuula. Chakula chake kilikuwa ugali na dagaa, na ukimkatia kipande cha mkate aliokuwa ameuhangaikia tangu asubuhi alikipitisha kwa jirani. Nilimwuliza mara moja. Alisema mwokaji anayekula mkate wake ni kama msemaji anayejipigia makofi. Nilicheka, na niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Baadaye nilielewa kwamba hayakuwa sababu.

Sababu niliipata vipandevipande, kwa muda wa miezi, kwa sababu hakuwahi kusimulia jambo lote mara moja.

Kule Kalemie, ng'ambo ya ziwa, mtaa wa nyuma ya stesheni, yeye na mke wake walikuwa na tanuri la matofali. Kazi waligawana tangu wiki ya harusi. Mke alichanganya, akakanda na kuumua. Mume aliwasha moto, akaoka na kuopoa. Hakuna aliyeingilia upande wa mwenzake. Alisema kwao hata ugomvi ulikuwa na mipaka: ukianzia kwenye beseni la unga, yeye hakuwa na haki ya kushinda. Siku ya kukimbia, watu walikuwa wengi kuliko maboti. Alimwinua mke wake kumpandisha kwenye boti moja, akarudi kuchukua mzigo, na boti hilo likajaa likasukumwa. Yeye alipandishwa lingine. La kwake lilifika Kibirizi, kwenye gati ya maboti pembeni ya mji wetu. La mke hakuna aliyeweza kumwambia lilifika wapi, au kama aliteremka kabla halijaondoka.

Kwa hiyo alivuka na nusu ya mkate. Moto aliujua, unga hakuujua.

Alikuwa amejaribu kukanda kwa mikono yake. “Mukono yangu inasahau kila siku,” alisema. Leo mkate ulitoka hivi, kesho vile, asijue alichobadilisha. Ndiyo maana aliniuliza lile swali siku ya kwanza. Mashine isiyosahau ingeweza kufundishwa mkono wa mke wake, kidogokidogo, mpaka mikate ifanane.

Mkate huo hakuutafuta ili aule; kwa huo alikuwa akimtafuta mke wake. Kila boti la wakimbizi liliposhusha watu Kibirizi, alikwenda na kikapu cha mkate uliokatwakatwa, akawagawia wakati wakisubiri malori ya kambini, halafu akasimama kuwatazama midomo. Hakuuliza kitu. Mke wangu, ambaye hakupenda mambo yasiyosemwa, alimkabili siku moja akitoka huko.

“Si uwaulize tu, mzee? Jina lake ni hili, yuko hivi, mmemwona?”

“Mama, mutu mwenye njaa ukimuuliza swali, anakupa jibu unayotaka. Niliisha kuuliza. Watu watatu walimuona. Mumoja Kigoma, mumoja Bujumbura, mumoja amezikwa. Wote walikuwa wanaangalia kikapu.”

“Sasa mkate ndio utasema?”

“Ulimi haijue kudanganya mbele ya kumeza. Mutu wa mtaa yetu akionja mukate ya muke wangu, mwenyewe atasema jina ya muke wangu. Huyo ndiye nitamuuliza.”

 Mke wangu aliingia ndani akarudi na chupa ya mawese, kwa sababu alikuwa amemsikia akisema kwamba mke wake alipaka mawese kwenye donge.

Tukaanza kazi, mashine nikaihamishia chumbani kwake. Mashine ile ilikuwa na mipangilio ya kiwandani kumi na miwili, na nafasi moja ya mtumiaji kupanga mwenyewe: dakika za kukanda, za kuumuka mara ya kwanza, za kuumuka mara ya pili, za kuoka, na ukolezaji wa rangi ya ganda. Nilimtafsiria kitabu chote. Nilimpa kanuni moja ninayoitumia kwenye redio, kwamba ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike. Aliishika kanuni hiyo kuliko mimi. Aliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake, safu kwa safu, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista.

Muda wa kukanda ulitupa shida ya pekee. Mke wake alikanda akiimba wimbo wa kanisa, akiurudia mara tatu, na donge likawa tayari. Basi mwokaji aliimba dukani kwangu, nami nikashika saa. Mara ya kwanza tulipata dakika kumi na nne. Siku iliyofuata kumi na tisa. Wateja walisimama mlangoni kusikiliza, wengine wakadhani nimefungua kanisa.

“Mzee, unabadilisha mwendo,” nikamwambia.

“Naye alikuwa anabadilisha. Akiwa na hasira na mimi, mukate ilikuwa laini zaidi.”

“Alikuwa na hasira mara ngapi kwa wiki?”

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. “Weka dakika ishirini na mbili.”

Kwa mtu mwenye nidhamu hiyo alikuwa na ukaidi usioelezeka. Alidharau mizani, unga alipima kwa viganja, na viganja vyake nilivipima kwa siri mara nyingi, havikupishana hata kijiko. Aliikashifu mashine kwa uokaji wake, akisema ni moto wa kipofu, lakini sehemu hiyo iliyokuwa yake aliiachia bila kunung'unika, kwa sababu moshi wa tanuri ungeleta macho uani. Alisali kila asubuhi, na kanisani hakukanyaga. Alisema huko ule wimbo wa kukandia wanauimba kwa kasi mno.

Adui yetu alikuwa umeme. Mji wetu uliendeshwa kwa majenereta, na mashine ile, iliyosifiwa kwa kutosahau, ilisahau mpangilio wake wote umeme ukikatika zaidi ya dakika chache. Kila mara alirudi nyuma ya mlango, akasoma chaki, akaingiza tarakimu upya. Sikumwona akikasirika. “Hata mutu akizimia, akiamka unamwambia jina lake,” alisema.

Mwaka wa pili ulipokuwa ukielekea mwisho, alinijia asubuhi moja akiwa amesimama wima kuliko kawaida. “Tunakaribia,” alisema. Hakuongeza neno, nami nilikuwa na redio tano za kumaliza. Sikumwuliza tunakaribia nini hasa. Katika mambo yote ninayoyajutia, huko kutouliza ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi kujisamehe.

Wiki hiyohiyo malaria ilimwangusha. Alilala siku sita, akitetemeka chini ya mablanketi mawili, nami na mke wangu tukapokezana kumpa uji. Siku ya nne ilivuma habari kwamba boti kubwa limeonekana. Aliinua kichwa akasema neno moja, “kikapu,” akalala tena. Nikamwambia atulie, nitaoka na nitakwenda mimi.

Umeme ulikuwa umekatika asubuhi na kurudi. Mashine ilikuwa tupu. Nikasoma safu ya mwisho nyuma ya mlango: kukanda ishirini na mbili, kuumuka hamsini, kuumuka mara ya pili tisini na tano, kuoka sitini, ganda la kukoza. Ile tisini na tano ilinishtua. Nilikumbuka kwamba mikate miwili aliyooka kabla ya kuugua ilikuwa imedidimia katikati, juu kukiwa na shimo kama sahani ya supu. Nikafungua kitabu, ukurasa wa makosa na marekebisho. Kilieleza wazi: mkate ukibonyea katikati, umeumuka kupita kiasi, punguza muda. Nilihitimisha kwamba mzee aliandika tarakimu ile homa ikimwanza. Nikaweka hamsini na tano.

Mkate ulitoka umesimama, duara juu, rangi ya samli. Sijawahi kuona mkate mzuri kama ule kutoka kwenye mashine ile. Niliukata nikiwa nimejaa fahari, nikaoka mwingine, nikashuka Kibirizi.

Watu walikuwa wamekaa juu ya mafurushi yao, wakimya kama kawaida ya siku ya kwanza. Niligawa. Mama mmoja mnene kidogo, amefunga kitenge cha kijani juu ya kingine, alikula kipande chake polepole, akakigeuza kilichobaki mkononi akikitazama.

“Mukate nzuri,” alisema. “Imesimama kabisa.”

“Ahsante, mama.”

“Kwetu Kalemie, mtaa yetu, kulikuwa mama mumoja, mukate yake ilikuwa inaanguka katikati kila siku. Tunatia maharage mule ndani, tunakula kama bakuli.” Akacheka, meno mawili ya mbele hayakuwepo. “Watoto wanagombania ile yenye shimo kubwa.”

Nami nikacheka naye. Nilisema, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka: “Huyo mama hakuwa na kitabu.”

Malori yalifika. Nilimsaidia kupandisha furushi lake.

Nilimpelekea mwokaji habari hiyo kama zawadi. Homa ilikuwa imepungua, amekaa kitandani na bakuli la uji. Nilimweleza jinsi nilivyorekebisha ile tarakimu, jinsi mkate ulivyosimama, jinsi watu walivyosifu. Halafu, ili nimchekeshe, nikamsimulia ya yule mama wa kitenge cha kijani na bakuli la maharage.

Alishusha uji chini. Alitazama nyuma ya mlango, kwenye chaki yake, kwa muda mrefu.

“Alikuwa anakwenda misa,” alisema. Sauti yake haikuwa na lawama. Ilikuwa kama ya mtu anayesoma. “Anaumua unga, kiisha anakwenda misa. Padri alikuwa anasema sana. Akirudi, unga imepita. Kila siku imepita. Mimi nilikuwa nagombana naye, anasema, wateja wamezoea. Tisini na tano ni misa, fundi. Misa na njia ya kurudi.”

Neno Kalemie lilikuwa limenipita pale Kibirizi, kwa sababu nilisikiliza sifa tu. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na ndoo, ndiye aliyeuliza: “Huyo mama amepelekwa kambi ipi?”

Sikujua. Kambi zilikuwa zaidi ya moja, na malori yalikuwa mengi. Jina lake sikuuliza. Nilikuwa nimemsaidia kupanda lori, na hata rangi ya lori sikuitazama.

Mwokaji aliondoka siku tatu baadaye, miguu ikimtetemeka bado. Njia ya kumtafuta mtu kambini ilikuwa moja: kwenda kujiandikisha kama mkimbizi mpya na kuingia, na ukishaingia hutoki utakavyo. Yote aliyoyakwepa kwa miaka miwili aliyafuata kwa miguu yake. Mashine aliniachia, kwa sababu kule hapakuwa na umeme. Asubuhi ya kuondoka, mke wangu alimwamkia mwakeye, naye kwa mara ya kwanza akajibu kwa Kiha sawasawa, neno kwa neno. Mke wangu aliingia ndani akafunga mlango.

Habari zake tulizipata kwa watu waliopita. Kwanza kwamba amekonda. Baadaye kwamba amejenga tanuri la udongo na anawaokea watu. Miaka ikaenda. Kila umeme uliporudi niliingiza tarakimu upya, tisini na tano ikiwemo, hata siku ambazo sikuwa na nia ya kuoka. Chaki ya nyuma ya mlango mwenye nyumba aliipaka rangi, lakini nilikuwa nimeshainakili.

Meli za kuwarudisha watu Kongo zilipoanza, nilikuwa nikienda bandarini kutazama orodha. Siku niliyoliona jina lake, lile nisiloliandika, nilirudi nyumbani nikaoka.

Nilimkuta kwenye foleni, nyuma ya kamba. Alikuwa amepinda, na mshangao wangu ulikuwa kwamba nyusi zimeota, nyeupe kabisa. Askari mmoja aliniruhusu nisogee. Tulishikana mikono kwa muda. Nikamwomba anisamehe, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka, na yote yakatoka nje ya mpangilio.

“Nilimpata yule mama,” alisema.

Ilimchukua miezi minane, na kuhamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine. Alimkuta kwenye bomba la maji. Mama yule alimwambia kwamba mke wake hakuvuka ziwa. Aliteremka kwenye lile boti kabla halijasukumwa, akabaki ufukweni akimtafuta mumewe. Siku mama wa kitenge cha kijani alipoondoka Kalemie, alimwacha mke wa mwokaji akiwa hai, amekaa mlangoni kwake, akisema hawezi kuondoka kwa sababu mwenye tanuri atarudi.

“Miezi minane,” nilisema.

“Ndiyo. Mule katikati vita ilipita tena kwetu, mara mbili. Niliandika barua. Jibu haikurudi hata moja.” Aliona uso wangu. “Fundi, usijibebeshe yote. Uliharibu mukate, lakini ulinisimulia. Mutu mwingine angekula sifa yake akanyamaza.”

Huo ndio msamaha nilioupata, na sijawahi kujua kama unatosha.

Nikafungua kitambaa. Mkate ulikuwa bado na joto. Aliutangulizia mgongo wa mkono kwanza, vidole hewani, kama zamani. Kisha akaweka kidole gumba kwenye lile shimo la katikati, akakizungusha taratibu ukingoni.

“Imepita,” alisema. Mara hii lilikuwa neno la sifa.

“Onja, mzee.”

Akatikisa kichwa. “Ataonja yeye. Kama yuko, atajua ni nani alimfuata hata ndani ya unga.”

Foleni ilisogea. Alichukua hatua moja, akasimama, akageuka nusu.

“Kama hayuko,” alisema, “nitatia maharage, nikule mimi.”

Furushi lake alilibeba mgongoni. Mkate aliushika kwa mikono miwili, mbele ya kifua, akipanda ngazi ya meli hatua kwa hatua bila kuuinamisha, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.